Dumu la saa 24: namna ya kusoma hesabu ya chumvi kwenye mkojo wako

Nimezaliwa Uvinza, mkoani Kigoma, mahali ambapo watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nyumbani kwetu chumvi ilikaa kwenye chungu pembeni ya mafiga, na kila aliyepita karibu na mboga alichota kwa vidole akaongeza. Leo nafanya kazi ya maabara. Chumvi ileile niliyokulia naipima ikiwa imeshatoka upande wa pili, kwenye mkojo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa na daktari, "Kakusanye mkojo wa saa 24," akapewa dumu na maelezo ya nusu dakika mlangoni. Madumu mengi yanayofika mezani kwangu hayajakamilika. Mgonjwa amehangaika nalo siku nzima, amelibeba kwenye daladala, kisha anaondoka na jibu lisilo lake. Hilo linaniuma, kwa sababu kosa lenyewe karibu kila mara ni dogo na lingezuilika kwa mazungumzo.

Kabla ya dumu nitakueleza figo zinavyofanya kazi. Ukishalijua hilo, hutahitaji kukariri masharti yangu.

Kila figo ina mirija midogo sana iitwayo nefroni, karibu milioni moja. Kila nefroni inaanza na kifundo cha vishipa vya damu, na hapo ndipo damu inapochujwa. Kwa siku moja vifundo hivyo vinachuja takriban lita 180 za maji. Maji ya damu yenyewe, ukiondoa chembe zake, ni kama lita tatu tu mwilini mwa mtu mzima, kwa hiyo maji yaleyale yanapitishwa kwenye chujio mara 60 kati ya leo na kesho. Kila lita ina sodiamu, madini yaliyo ndani ya chumvi, kiasi cha milimoli 140 (milimoli ni kipimo cha maabara cha kiasi). Zidisha kwa 180, unapata milimoli 25,200. Ukiigeuza sodiamu hiyo kuwa chumvi ya jikoni, ni kilo moja na nusu hivi.

Kilo moja na nusu ya chumvi, kila siku, inapita kwenye figo zako. Nilipofanya hesabu hii chuoni niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea mahali pa kuweka nukta.

Haiwezekani yote itoke, mtu angekufa kabla ya jioni. Figo inafanya kama bibi anayechagua mchele wenye mawe mengi: badala ya kutafuta jiwe mojamoja ndani ya gunia, anamwaga mchele wote kwenye ungo, kisha anarudisha punje njema. Sehemu ya kwanza ya mrija inarudisha kwenye damu kama theluthi mbili ya sodiamu, pamoja na maji kwa kiasi hichohicho na karibu sukari yote. Kisha mrija unashuka na kupanda kama kitanzi, kiitwacho kitanzi cha Henle kwa jina la Mjerumani aliyekieleza mwaka 1862, na hapo inarudi robo nyingine. Furosemaidi, dawa ya kukojosha ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, inafunga milango ya kitanzi hicho. Robo hiyo ikikosa njia ya kurudi, inaburuta maji kwenda nayo, ndiyo maana aliyemeza kidonge asubuhi hapendi kukaa mbali na choo. Mbele kidogo ya kitanzi kuna kipande kinachorudisha kama asilimia tano hadi saba, na hapo zinafanya kazi dawa nyingine za kukojosha, haidroklorothiazaidi na bendrofluazaidi.

Kipande cha mwisho kinabaki na asilimia chache tu za kuamua, na ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Mrija ukirudisha asilimia 99 ya ile kilo na nusu, unatoa gramu 15 za chumvi. Ukirudisha asilimia 99 na nusu, unatoa gramu 7 na nusu. Kati ya mtu anayekula chumvi kupita kiasi na anayekula ya wastani, figo inageuza nusu asilimia tu, na inageuza kwa usahihi ambao mashine yangu ya maabara haiufikii.

Inajuaje igeuze kiasi gani? Haina ulimi wa kuonja chumvi uliyokula. Inachohisi ni ujazo wa damu na msukumo wake. Ukila chumvi kidogo kwa siku kadhaa, maji ya mwili yanapungua kidogo, na chembe zilizo kwenye mlango wa kile kifundo cha kuchujia zinahisi msukumo umelegea. Zinatoa kitu kiitwacho renini, ambacho Tigerstedt na Bergman walikipata kwenye figo za sungura huko Stockholm mwaka 1898. Renini inakata protini iliyotengenezwa na ini, kipande kilichokatwa kinakatwa tena zaidi kwenye mapafu na kuwa anjiotensini ya pili, nayo inazichochea tezi ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, zitoe homoni iitwayo aldosteroni. Aldosteroni inashuka hadi kile kipande cha mwisho cha mrija na kuongeza milango ya kurudisha sodiamu. Ini, mapafu, tezi na figo zenyewe, vyote vimeshirikishwa ili chumvi ya kijiko kimoja isipotee. Wayanomami wa misitu ya Amazoni, ambao hawakuwa na chumvi ya kuongeza kwenye chakula, walipopimwa mkojo wa saa 24 katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1988, sodiamu iliyokutwa ilikuwa karibu na sifuri. Figo zao zilirudisha takriban yote.

Ukila chumvi nyingi, kamba inavutwa upande mwingine. Unaona kiu, unakunywa, damu inajaa, na vyumba vya juu vya moyo vinatanuka. Moyo nao hutoa homoni yake. Mwaka 1981 huko Kanada, Adolfo de Bold na wenzake walichukua kimiminika kilichotolewa kwenye vyumba hivyo vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine, nao wakakojoa sodiamu kwa wingi. Renini inashuka, aldosteroni inashuka, na figo inaachia.

Lakini haiachii siku hiyohiyo, na hapa ndipo dumu lako linapoingia. Ukibadilisha kiasi cha chumvi unachokula, figo zinahitaji siku tatu hadi tano kufikia usawa mpya. Katikati ya siku hizo mwili unabeba maji ya ziada, na mizani inaweza kupanda hata kilo moja bila wewe kunenepa. Usawa ukishafikiwa, kinachotoka kinalingana na kinachoingia. Kwa mtu asiyetoka jasho jingi wala kuharisha, kama asilimia 90 ya sodiamu aliyokula inatoka kwenye mkojo. Ndiyo maana nauamini mkojo kuliko ulimi. Ukimuuliza mtu anakula chumvi kiasi gani, atakujibu kwa nia njema kabisa, na atakosea.

Kuchagua siku

Usibadilishe chakula. Wengi wakishapewa dumu wanaanza kula mboga zisizo na chumvi ili jibu lipendeze. Kula kama ulivyokula wiki iliyopita, maana hiyo ndiyo wiki tunayotaka kuijua.

Usikusanye wiki ambayo umetundikiwa dripu. Lita moja ya dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, na zote zitahesabiwa juu yako kana kwamba umezila. Usikusanye ukiwa unaharisha, una homa, au siku ya kulima juani kutwa nzima, kwa sababu hapo chumvi inatoka kwa njia nyingine na mkojo utasema kidogo kuliko kweli. Mwanamke asubiri hedhi iishe. Kama daktari amekuanzishia dawa ya kukojosha au amekubadilishia kipimo chake wiki hii, mwambie, akupangie siku ya baadaye: siku za mwanzo dawa inatoa sodiamu ya akiba, kisha usawa unarudi. Usiache dawa yoyote kwa ajili ya dumu bila yeye kukuambia.

Chagua siku ya kukaa nyumbani. Jumapili inaonekana nzuri, ila kama unakwenda kanisani, Jumapili ni mbaya. Nitakuambia kwa nini.

Asubuhi ya kwanza

Hapa ndipo panapoharibika zaidi. Ukiamka, kojoa chooni, maliza kibofu chote, usiweke hata tone kwenye dumu. Tazama saa. Tuseme ni saa 12 na nusu asubuhi. Iandike kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye dumu, si kichwani. Mkojo ule uliomwaga ulitengenezwa usiku wa jana, si wa siku yako. Saa yako imeanza sasa, kibofu kikiwa kitupu.

Kuanzia hapo kila mkojo unaingia kwenye dumu: wa mchana, wa jioni, wa kuamka usiku wa manane, hata ule mdogo unaotoka ukienda haja kubwa. Kwa hiyo kojoa kwanza kwenye chombo kabla ya haja kubwa. Kesho yake, saa 12 na nusu ileile, kojoa tena, na huo uingie dumuni. Ndio wa mwisho. Watu wengi wanaingiza wa asubuhi zote mbili, wakawa na saa 32 ndani ya dumu la 24, au wanaacha zote mbili.

Wengine huniuliza kwa nini wasilete kikopo kimoja tu cha mkojo kama cha kupima kichocho. Ni kwa sababu figo haziandiki hesabu kwa mwendo mmoja. Kwa kawaida zinatoa sodiamu nyingi mchana na kupunguza usiku. Kwa baadhi ya wenye presha, au wenye figo zilizochoka, hali inageuka: figo zinashindwa kuimaliza chumvi mchana, zinaisukumia usiku, na mtu anaamka mara tatu kwenda haja ndogo. Kikopo kimoja ni kama kumpima mvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa wavu mmoja.

Dumu liwe la maabara ukiweza kulipata, la lita tatu hivi. Ukikosa, uliza kama unaweza kutumia dumu la maji jipya, lililooshwa kwa maji safi na kukaushwa. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula au sabuni halifai. Kwa kipimo cha sodiamu peke yake huhitaji dawa ya kuhifadhi. Funga vizuri, weka kivulini, na kama hakuna friji liweke ndani ya ndoo yenye maji ya baridi. Wanawake wakojolee kwenye kikombe kipana au beseni dogo safi, kisha wamimine kwenye dumu. Kama tone limemwagika, andika. Kama umesahau mara moja ukakojoa chooni, sema. Sitakukasirikia. Nitakupa dumu jingine, na hilo ni heri mara mia kuliko kukupa namba ya uongo ambayo daktari ataitumia kukupangia dawa.

Na haya ya aibu nayazungumza waziwazi. Kuna watu hawataki mkojo wao uonekane na jirani, na wengine wana hofu ya mambo ambayo hawatayataja mbele yangu. Mfuko mweusi unatosha. Lifunike dumu, liweke chumbani kwako badala ya choo cha pamoja, lilete mwenyewe au mtume mtu unayemwamini.

Dumu la mama mkubwa

Mama mkubwa wangu, dada wa mama, ana presha ya miaka mingi. Vidonge vitatu, na mashine bado inasoma 160 na ushee. Nilimwomba akusanye. Dumu la kwanza lilirudi na mililita 600. Nikamuuliza kwa upole, "Mama, Jumapili ulikwenda kanisani?" Alikwenda. Tangu saa mbili hadi saa nane mchana dumu lilikuwa uvunguni na yeye alikuwa kwenye benchi. Tukarudia Jumatano.

Safari hii alileta lita 1 na mililita 600. Nilitikisa dumu taratibu, maana mkojo uliokaa unajitenga na wa chini si sawa na wa juu, nikapima ujazo wote, kisha nikachukua kidogo kwa mashine. Ikatoa milimoli 150 kwa lita. Nilipima pia kreatinini, taka ya misuli ambayo mtu huitoa kwa kiasi kinachokaribiana siku hadi siku. Ikiwa kidogo mno kwa mwili wake, ningejua kuna mkojo uliopotea. Ilikuwa sawa.

Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe. Zidisha milimoli kwa lita za dumu: 150 mara 1.6 ni 240. Kisha gawanya kwa 17, kwa sababu gramu moja ya chumvi ina milimoli 17 za sodiamu. Unapata gramu 14. Ukiongeza ile sehemu ndogo inayotoka kwa jasho na choo, anakula zaidi ya gramu 15 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5, kijiko cha chai kisichojaa.

Alinitazama. "Mwanangu, mimi chumvi siongezi mezani." Na alisema kweli. Tulikaa jikoni kwake jioni nzima tukifuatilia. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi, hakuwa akiwaloweka. Kiungo cha unga cha mchuzi, vijiko viwili kila sufuria, na juu yake chumvi. Mkate asubuhi. Halafu magadi. Maharage yake yalikuwa yanaiva haraka kwa magadi, na kisamvu vilevile. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini ni sodiamu, na figo hazijali imekuja na jina gani. Mwishowe akanionyesha vidonge vya goti alivyokuwa akinunua dukani, diklofenaki, kila siku mbili tatu. Dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaifanya figo ishikilie chumvi na maji, na zinaivunja nguvu dawa ya presha. Hizo ndizo zilizonitia hofu kuliko magadi, na kesho yake tulikwenda kwa daktari kuzungumza habari ya goti.

Jikoni tulibadili vitu vichache. Dagaa wanalowekwa maji ya moto, maji yanamwagwa, mara mbili. Maharage yanalowekwa usiku kucha, hayahitaji magadi. Kiungo cha unga kiliondoka, kikarudi kitunguu saumu, ndimu, nyanya na pilipili. Wiki mbili za kwanza alisema chakula ni cha hospitali. Kufikia mwezi wa pili, akila kwa jirani analalamika kwamba kimezidi chumvi. Ulimi nao unazoea, ila taratibu kuliko figo.

Nilimwongezea ndizi, mchicha, viazi vitamu na machungwa kwa sababu ya potasiamu. Potasiamu ikipanda kidogo kwenye damu, inazima ile milango ya kipande kinachofuata kitanzi, na sodiamu inapita kwenda nje. Watafiti waliwafuata Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990: presha zao zilipanda mapema baada ya kuhama, na kwenye mkojo uwiano wa sodiamu kwa potasiamu ulikuwa umepanda pia. Walikuwa watu walewale, chakula ndicho kilichobadilika. Tahadhari hapa ni kubwa: kama umeambiwa figo zako zimepungua nguvu, au unameza spironolaktoni, enalaprili au losatani, usijiongezee potasiamu, na usinunue chumvi mbadala yenye potasiamu, kabla ya kupimwa damu. Potasiamu iliyokosa njia ya kutoka inaweza kusimamisha moyo.

Dumu la pili

Usikimbilie kurudia baada ya siku mbili. Figo zinataka siku zake tano, na jikoni kunataka zaidi ya hapo. Mimi nilingoja miezi miwili. Na kwa kuwa hakuna mtu anayekula sawa kila siku, dumu moja ni picha ya siku moja. Ukiweza kukusanya mara mbili ndani ya mwezi mmoja, daktari wako atafurahi.

Mama mkubwa alilileta Alhamisi, ndani ya mfuko mweusi, saa ya kuanza na ya kumaliza zimeandikwa kwa mwandiko wa mjukuu wake wa darasa la tano. Lita 1 na mililita 900, milimoli 58 kwa lita. Nikampa kalamu mjukuu azidishe mwenyewe. Akapata 110, akagawanya kwa 17, akapata 6 na nusu kasoro kidogo. "Bado, bibi," akamwambia, "tunatafuta 5." Presha asubuhi ile ilikuwa 138 juu, kwa vidonge vilevile vitatu. Mama mkubwa akaniuliza kama dumu anaweza kuondoka nalo, maana jirani yake mwenye presha naye ameomba aonyeshwe. Nikampa jipya.